Mazoezi ya Ndege Kwenye Pikapu ya Wamae

Mwalimu Nekoye hakuwa mtu wa kusahau, na hakuwahi kujisingizia kuwa mtu wa kusamehe. Kule Skuta, mtaa wa Nyeri alikoishi na mumewe askari na watoto wao wawili, kila jirani alijua habari ya bucha. Mwenye bucha alimfungia mifupa mitupu siku moja ya mvua, akamwambia ni mbavu. Nekoye hakurudi kugombana. Alianza kununua nyama upande wa pili wa mji, na kila Jumamosi akawa anarudi kwa njia ndefu makusudi ili apite mbele ya yule bwana na mfuko wake mkononi, amsalimie kwa Kikuyu safi, "Wi mwega?", kisha aende zake taratibu. Alifanya hivyo kwa miaka. Bucha lile lilikuja kufungwa kwa sababu nyingine kabisa, lakini Nekoye aliuhesabu ushindi ule kuwa wake, akapika pilau.

Alikuwa Mbukusu wa kutoka Kimilili. Alikuja Nyeri akiwa bi harusi, wakati mumewe Philemon alipohamishiwa kituo cha huko, akalia kwa sababu ya baridi, halafu akachoka kulia akatafuta kazi ya kufundisha chekechea. Darasa lake lilikuwa kimya hata mpita njia angedhani shule imefungwa. Siri yake ilikuwa moja, na aliwaambia walimu wenzake bila kuombwa: mtoto hufanya lile unalomtarajia afanye. "Ukimtandikia plastiki chini ya shuka," alisema, "umempa ruhusa akojoe. Toa plastiki. Ataacha." Watoto wake mwenyewe walikuwa wameacha kukojoa kitandani kwa njia hiyo, au angalau walikuwa wameacha kusema.

Kwa hiyo mtu anaweza kufikiria ni nini kilikaa moyoni mwa mwanamke wa namna hii baada ya mambo ya Timboroa.

Aliyemtenda alikuwa wifi yake, Keziah, dada mkubwa wa Philemon, mwenye biashara zake Nairobi na gari lenye viti vyeupe vya ngozi. Krismasi moja Keziah alijitolea kuwapa lifti kwenda nyumbani Kimilili. Philemon alikuwa kazini, maana polisi hupewa kazi hasa wakati wengine wanasherehekea, hivyo Nekoye akapanda na watoto: Lennox, aliyekuwa ameanza tu shule ya msingi, na Emmah, aliyekuwa bado ananyonya kidole. Safari ilikuwa nzuri mpaka Nakuru, ambako Keziah aliwanunulia soseji na maziwa. Kufika Timboroa, kwenye baridi na ukungu, Emmah alitapika. Wala si kidogo. Alitapika kwenye kiti, kwenye mkanda, mpaka ndani ya kile kijisanduku cha katikati ambamo Keziah aliweka simu.

Keziah alisimamisha gari kando ya barabara. Nekoye alidhani wanashuka ili wapanguze. Akatafuta kitambaa, na alipoinua kichwa akaona mabegi yao yamewekwa kwenye nyasi.

"Mama Lennox," Keziah alisema, "hawa watoto hawajazoea magari ya watu. Watafutie lori."

Akaenda. Mvua ikaanza kunyesha kama iliyokuwa imetumwa. Lori la kabichi liliwaokoa, na walipofika Kimilili jioni wakinuka kabichi na matapishi, hadithi yao ilikuwa imewatangulia. Mama mkwe aliwaelekeza bombani waoge kabla ya kuingia ndani. Binamu zao walisogea mbali kila Emmah alipokaa kwenye benchi, wakiziba pua na kucheka, na Keziah alikuwa ameketi kwenye kochi na soda mkononi.

"Mmefika?" aliuliza.

Nekoye alijibu kwamba wamefika. Hilo ndilo jibu pekee alilokuwa nalo siku ile, na lilimuuma kuliko mvua. Tangu hapo alikuwa akimjibu Keziah upya kichwani, anapopanguza ubao, anapomenya viazi, hata kanisani wakati wengine wameinamisha vichwa.

Nafasi ilikuja Agosti iliyopita. Mama mkwe alipona ugonjwa mrefu, na familia ikaamua kumfanyia sherehe ya shukrani. Keziah alitangulia Kimilili kupanga hema na viti, akitoa amri kwa kila mtu kwenye kundi la familia la simu. Nekoye alisoma amri zile, kisha akamwambia mumewe kwamba yeye na watoto watapanda ndege kutoka Nairobi mpaka Eldoret.

"Ndege?" Philemon aliuliza. "Kwani barabara imekatika?"

"Kwangu imekatika."

Alitoa akiba yote aliyoiweka kwenye chama cha akina mama, ile ya kununulia friji. Philemon alimwangalia mkewe akikata tiketi, akavaa kofia yake ya kazi akaenda zamu.

Kisha Nekoye akampigia mama mkwe simu, kwa sauti tamu ambayo watoto wa darasa lake hawakuwahi kuisikia.

"Mama, wajukuu wako watakuja na ndege. Ile tu hatujui, ni nani atatuchukua Eldoret. Hatutaki kusumbua mtu."

"Ati kusumbua!" Mama mkwe alikuwa tayari anafikiria atakavyowaambia wenzake wa kanisa. "Kwani Keziah ako na gari ya nini? Ataenda. Atawangoja hapo mpaka mshuke."

Huo ndio ulikuwa mpango wake, na ulikuwa mtamu hata aliurudia peke yake jikoni. Keziah ataendesha lile gari la viti vyeupe kutoka Kimilili mpaka Eldoret. Atasimama kwenye kiwanja cha ndege aangalie angani. Watashuka watoto wasafi, wamenyooka, hawana hata doa. Halafu Nekoye atamshukuru mbele za watu na kumwambia kwamba wamekwisha kuita teksi, kwa kuwa hapendi kuchafua viti vya mtu. Teksi yenyewe alikuwa ameiagiza tayari, kupitia kwa mwalimu mwenzake mwenye shemeji Eldoret. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu. Emmah asitapike.

Mazoezi yakaanza sebuleni. Nekoye alipanga viti vya plastiki safu mbili, akawafunga watoto kwa leso zikawa mikanda, yeye akasimama mbele akawa rubani na mhudumu na mwenye uwanja, wote kwa pamoja. Mwalimu mmoja aliyewahi kuruka kwenda Mombasa alimweleza ilivyo, na Nekoye alilifundisha jambo lile kama anavyofundisha herufi. Ndege itakimbia sana chini kwanza, msishtuke. Itainua pua. Masikio yataziba, mezeni mate. Itatikisika, huo ni upepo tu, si kuanguka. Mikono kwenye mapaja. Mgongo kwenye kiti. Lennox aliupenda mchezo ule, akawa anaomba kila jioni. Emmah, ambaye sasa alikuwa na miaka mitano, alifuata kila neno kwa makini ya mtoto anayejua kwamba hili ni lake.

Lakini sebule haipandi wala haishuki, na tumbo la Emmah halikuwa na shida na viti vya plastiki. Nekoye alitaka milima na kona. Hapo ndipo alipomkumbuka Wamae.

Wamae alikuwa jirani yao, na kila Jumamosi alienda na pikapu yake Mukurweini kuchukua ndizi za kupeleka soko la Karatina. Njia ile hupanda na kushuka na kujikunja mpaka mtu mzima anashika dashibodi. Nekoye alimwomba awachukue watoto na yeye, wakae mbele.

"Mwarimu, hii ni gari ya ndizi," Wamae alisema akicheka. "Sasa ndege na ndizi zinajuana wapi?"

"Wewe endesha tu. Na usipunguze kwa kona."

Jumamosi ya kwanza Emmah alitapika kabla hata hawajaiona Mukurweini. Nekoye alikuwa amembebea karatasi, yaani mfuko wa kutapikia, mtoto akaijaza. Jumamosi iliyofuata akaijaza tena, na safari hii alianza kuitafuta karatasi kwa macho mara tu gari lilipowashwa. Nekoye aliliona hilo, na mwalimu aliye ndani yake akapiga makofi. Ni plastiki ya kitandani! Ni yeye mwenyewe anayemwambia mtoto atapike. Jumamosi ya tatu walipanda bila karatasi.

"Si umpe karatasi huyo mtoto?" Wamae aliuliza walipofika kona za juu, akimwona Emmah amegeuka rangi.

"Nikimpa nimemwambia atapike."

"Lakini yeye hutapika tu, mwarimu, hata asipoambiwa."

Nekoye aliinama sikioni mwa Emmah. "Senge Keziah atakuwa huko anatuangalia," alimwambia. Senge ndiye shangazi kwa watu wa kwao. "Ukitapika, senge atacheka. Unataka senge acheke?"

Emmah alitikisa kichwa.

"Basi funga mdomo. Pumua na pua. Usifungue, hata iwe nini."

Emmah alifunga mdomo. Machozi yalimtoka, akashika mlango wa gari kwa mikono yote miwili, lakini hakutapika mpaka Karatina, ambako alishuka mbio akaenda nyuma ya magunia ya kabichi. Nekoye alidhani ameenda kukojoa. Alimnunulia ndizi mbivu, akambusu, akamsifu mbele ya akina mama wa sokoni kama mtoto aliyeshika nambari ya kwanza. Emmah alitabasamu. Kuanzia siku hiyo hakutapika tena ndani ya pikapu ile. Aliweza hata kula yai asubuhi na kuzipita kona zote, na kila walipofika sokoni alienda nyuma ya magunia kidogo, kisha akarudi ameshapanguza mdomo kwa mkono.

"Amepona," Nekoye alimwambia mumewe.

Philemon alikuwa anapiga viatu vyake rangi. "Mama Lennox, hii ni safari ama ni vita?"

"Wewe hukuwa Timboroa."

Juma la mwisho alienda mjini Nyeri kwenye duka la nguo la Ramila, Mhindi aliyezaliwa hapo hapo Nyeri na aliyewavalisha watoto wa Skuta tangu zamani. Nekoye aliomba nguo nyeupe. Gauni jeupe la Emmah, shati jeupe la Lennox, soksi nyeupe za wote.

"Nyeupe kwa safari, mwalimu?" Ramila aliuliza. Akashusha gauni la maua. "Chukua hii. Akimwaga juisi, haionyeshi."

"Nataka inayoonyesha," Nekoye alisema.

Siku ya safari walifika uwanja wa Nairobi mapema mno, wakakaa wakiwa wamenyooka kama watu wanaongoja kupigwa picha. Ndani ya ndege watoto walipewa viti viwili pamoja, Emmah dirishani, na Nekoye akakaa ng'ambo ya njia. Jambo la kwanza aliloliona lilikuwa mfukoni mwa kiti cha mbele: karatasi nyeupe, safi, iliyokunjwa vizuri. Kila kiti kilikuwa na yake. Watu wa ndege wamezipanga wenyewe! Nekoye alinyoosha mkono akazichomoa zile mbili za watoto, akazitumbukiza kwenye mkoba wake na kuufunga zipu.

"Hizo ni za nini?" Lennox aliuliza.

"Za watu wanaotapika. Sisi hatutumii."

Ndege ilikimbia, ikainua pua. Lennox alipiga kelele za furaha hata mzee wa mbele akageuka. Emmah aliweka mikono kwenye mapaja na mgongo kwenye kiti, akameza mate. Aliyetetemeka alikuwa Nekoye. Katika kufundisha kote alikuwa amesahau kwamba na yeye hajawahi kupanda, na mawingu yalipofika chini yake aliomba sala zote alizozijua za Kiswahili na za Kibukusu. Halafu akazoea. Mhudumu alileta juisi na biskuti. Emmah alikunywa juisi yote, akamwonyesha mama yake kikombe kitupu, akacheka.

Juu ya Bonde la Ufa upepo uliichezea ndege, ikatikisika, ikashuka ghafla kidogo kama gari linalopita tuta. Watu walishika viti. Nekoye aligeuka haraka kumwangalia Emmah. Mtoto alikuwa ameketi vile vile, uso mbele, mdomo umefungwa, gauni halina doa. Lennox alikuwa amemwinamia, anamnong'oneza kitu, na Nekoye alifikiri anamtia moyo. Ndege ikaanza kushuka. Moyo wa Nekoye ulijaa fahari.

Eldoret kulikuwa na jua. Walishuka ngazi, wakatembea kwenye lami wakiwa wameshikana mikono, weupe kama watoto wa komunyo ya kwanza. Keziah alikuwa amesimama kwenye njia ya kutokea, na hakuwa peke yake. Alikuja na wanawake wawili wa kamati ya kanisa, ambao bila shaka walitaka kuona wajukuu wa rafiki yao wakishuka kutoka angani. Nekoye hangeweza kuomba zaidi. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya wale wanawake.

"Karibuni," Keziah alisema. "Kumbe ni ukweli." Aliwatazama watoto kuanzia soksi mpaka kichwani, akitafuta, na hakupata. "Emmah, hujambo? Umekuwa mkubwa hivi?"

Emmah alimpungia mkono.

"Haongei siku hizi?"

"Tumemfunza asiongee na watu asiowajua vizuri," Nekoye alisema.

Mwanamke mmoja wa kamati alikohoa. Keziah alijaribu kucheka. Akainama kushika begi. "Haya, twende. Gari iko hapo. Nimetoka Kimilili asubuhi sana, mama alinisumbua tangu juzi."

Nekoye aliliacha begi likae chini ya mkono wa wifi yake kidogo. Alitaka aufurahie wakati ule mzima mzima. Kisha akasema, polepole, kwa sauti inayofika mpaka viti vya nyuma vya darasa:

"Asante kwa kuja, senge. Lakini tumeita teksi. Sitaki usumbuke tena kuosha viti."

Ilikuwa tamu. Hakuna haja ya kudanganya, ilikuwa tamu kuliko alivyofikiria. Keziah aliachilia begi. Wale wanawake wawili walitazamana, halafu wakamtazama Keziah, na ilikuwa wazi kwamba kesho yake Kimilili nzima itakuwa na hadithi nyingine ya kusimulia. Mwanamke aliyewaacha kwenye mvua sasa alikuwa amesimama juani na ufunguo wa gari mkononi, hana wa kumbeba. Nekoye alihisi mwili mzima umekuwa mwepesi. Angeweza kuruka bila ndege.

Emmah alimvuta sketi.

"Nini, mami?" Nekoye alimuuliza.

Mtoto hakujibu. Nekoye alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu washuke. Mashavu yalikuwa yamevimba. Macho yalikuwa mekundu, yamejaa maji.

"Ni masikio? Meza mate, yatafunguka."

Emmah alitikisa kichwa.

"Ako na matapishi," Lennox alisema.

"Wapi?"

"Kwa mdomo. Alitapika tukianza kushuka. Nilimwambia ameze, ikakataa. Sasa nikamwambia asifungue mpaka senge aende."

Utamu wote ulimtoka Nekoye kwa mara moja. Alikuwa amemtembeza mtoto kwenye lami, amemsimamisha hapa, amezungumza, amefurahia, amerefusha maneno, na muda wote ule mtoto alikuwa amebeba kitu kile mdomoni kwa ajili yake. Akapiga magoti kwenye saruji, akaunganisha viganja chini ya kidevu cha Emmah.

"Tema, mami. Tema hapa. Si kitu."

Emmah alimtazama Keziah, akatikisa kichwa tena. Chozi likamdondoka. Kidevu kilikuwa kinatetemeka, lakini midomo ilibaki imebanwa kama alivyofundishwa.

"Tema, nimesema. Mimi ndiye mama yako, nimekuruhusu."

Hakutema. Hakuna ruhusa iliyokuwa inatosha wakati senge amesimama pale. Nekoye alielewa ni nani tu angeweza kumfungua mtoto wake mdomo, na alijichukia kwa namna ambayo hakuwahi kumchukia Keziah hata siku moja. Akiwa bado amepiga magoti, viganja vimekingwa, aliinua uso.

"Senge," alisema. "Nakuomba. Geuka usimwangalie."

Pengine Keziah alikuwa na neno. Alikuwa mtu wa maneno. Halafu akageuka, akawashika wale wanawake wawili mabega akawageuza nao, wakatazama ukuta wa jengo.

Emmah alifungua mdomo. Juisi, biskuti na yai la asubuhi vilijaa mikononi mwa mama yake, vikiwa bado na joto, vikapita kati ya vidole mpaka kwenye soksi. Alitapika tena, akakohoa, akavuta pumzi ndefu kwa mdomo.

"Ameona?" aliuliza.

Nekoye alitazama mgongo wa Keziah.

"Hajaona," alisema, na mikono yake haikuwa na mahali pa kupangusia.